Maji ya Wageni

Vijana wa maabara wameniandikia kwenye WhatsApp: "Mama Nasimiyu, tuandikie kitu cha kututia moyo." Wakaongeza picha za mikono inayoomba. Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa blanketi na saa ya ukutani, na mkubwa mmoja akasimama akanisifu eti nimekuwa mtumishi mnyenyekevu na mtiifu. Nilikuwa na soda mdomoni, ikanipalia. Mtiifu, mimi? Basi nimekaa hapa kwangu Bungoma, miguu juu ya kigoda, naandika. Wa kutiwa moyo atiwe, wa kukasirika akasirike. Hakuna tena anayeweza kunipa uhamisho.

Vyeo sitavitaja. Mkitaka kujua nani alipanda lini, kamuulizeni aliyepanda. Mimi nitawaambia kuhusu maji, na hasa kuhusu maji ambayo watu walitaka yasipimwe.

Nilianza hapa hapa Bungoma, katika chumba kimoja nyuma ya ofisi ya maji, chenye sinki mbili na dirisha lisilofungika. Nilifika na diploma yangu kwenye bahasha, blauzi imepigwa pasi, viatu vya kisigino. Aliyenipokea ni Mzee Barasa, fundi mkuu wa maabara, mtu mfupi mwenye sweta ya kijani aliyoivaa jua na mvua. Hakuitazama bahasha. Alinipa brashi.

"Kazi yangu ni ipi, Mzee?"

"Chupa."

"Halafu?"

"Halafu chupa."

Nikaosha chupa hadi vidole vikachubuka. Yeye alichukua moja moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa. "Hii umeiosha ama umeinyeshea?" Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, nikamwambia mama sirudi tena huko. Kesho yake nikarudi, kwa sababu nilitaka siku moja ainuse chupa yangu akose la kusema. Siku hiyo ilifika. Alinusa, akaiweka chini, akaenda kunywa chai. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mzee Barasa alikuwa na kipimo chake cha haraka hata kabla ya hizi mashine zenu. Kilikuwa tangi la kioo lenye samaki wadogo kutoka mtoni, maji ya bomba yakipita humo mchana kutwa. Samaki wakianza kuogelea upande upande ama kuja juu kuhema, alifunga koki kwanza, maswali baadaye. Wageni kutoka makao makuu walicheka. Waliuliza kama hao samaki ni wa kukaanga. Aliwajibu, "Hawa ni wafanyakazi, na hawaombi likizo."

Siku moja mkulima mmoja kutoka upande wa Webuye alituletea maji ya kisima chake kwenye jerikeni, tukamwagia kidogo kwenye bakuli la samaki wa akiba. Walikufa tukiwaangalia. Ofisi nzima ilisimama! Mkubwa akashika simu kufunga visima vya eneo lote. Mzee Barasa akamwambia angoje, akapanda gari, akaenda akateka mwenyewe kwa chupa yetu. Samaki wakaogelea vizuri kabisa. Jerikeni ndiyo ilikuwa ya dawa ya kupe, yule bwana ameisuuza mara moja na kuridhika.

"Mtu akikuletea maji," Mzee aliniambia siku hiyo, "msalimie, mshukuru, halafu nenda ukateke yako." Nililishika hilo.

Baadaye nilipelekwa Kitale. Wakati huo vipimo vya haraka vilikuwa vimeanza kumiminika, kila mwezi mtu na sanduku lake. Kuna vikaratasi vya kuchovya, kuna vimashine vya ukubwa wa redio ndogo, kuna poda za kubadilisha rangi. Kazi yetu ilikuwa kuvijaribu: je, vinasema kweli? Unapima kwa kile kipya, unapima kwa njia ya zamani, halafu unapeleka maji yale yale kwenye maabara kubwa Nairobi, unalinganisha. Ni kazi ya kuchosha na niliipenda mno. Kuna raha yake kumwambia muuzaji mwenye tai kwamba sanduku lake linadanganya.

Kuna mmoja alituletea bakteria wanaong'aa gizani. Msicheke, ni kitu cha kweli. Wakiwa wazima wanatoa mwanga, wakikutana na sumu mwanga unazimika. Tukawawekea maji ya bomba ya mji wa Kitale, wakazimika wote kama stima ya Trans-Nzoia wakati wa mvua. Yule jamaa akapauka, akasema mji mzima unakunywa sumu. Nilimuuliza kama ametoa klorini kwanza. Hakuwa ametoa. Klorini tunaweka sisi wenyewe ili iue vijidudu, na bakteria wake ni vijidudu pia, hata kama wanang'aa. Tukatia chembe ya dawa ya kuondoa klorini, tukarudia, wakang'aa vizuri. Aliondoka bila kumaliza chai.

Sasa nifike kwenye ile kazi iliyonifanya nionekane mtu mbaya.

Upande wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, palikuwa na mashamba makubwa ya wazungu, na kila shamba lilikuwa na josho la kuoshea ng'ombe ili wasiliwe na kupe. Dawa ya enzi hizo ilikuwa na aseniki. Aseniki haiozi. Ng'ombe wamekwenda, mzungu amekwenda, shamba limekatwa ploti, josho limebomoka na mawe yake yamejengea watu misingi ya nyumba, lakini ile sumu imelala udongoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inakula mtu polepole, miaka na miaka.

Mradi ukaja na kimashine kipya cha kupima aseniki papo hapo. Aliyeuongoza alikuwa Daktari Kilonzo, daktari wa kemia, mtu wa Nairobi, mpole, msomi kwelikweli, na aliyefanya kazi kwa bidii hata kwenye matope. Sitaki mumfikirie kama jambazi. Alipanga kwamba tusipime visima, tupime maji ndani ya nyumba, yale yanayoingia mdomoni. "Mtu hanywi kisima," alisema. "Anakunywa kikombe." Niliona ina maana, na hadi leo naona ina maana. Maji yanaweza kuharibika kati ya kisima na kikombe, jerikeni ya yule bwana wa Webuye ni shahidi.

Tukatembea nyumba hadi nyumba kwenye kijiji kimoja karibu na josho la zamani. Tulibisha, tukasalimia, tukaeleza, tukasema wazi: tunaomba kidogo ya maji mnayokunywa ninyi. Akina mama walitukaribisha vizuri ajabu. Kila mahali waliingia ndani wakarudi na jagi safi. Tulipima kwa kimashine, tukapima kwa kipimo cha zamani cha karatasi, tukatuma mengine Nairobi. Majibu yakaja. Vipimo vyote vitatu vilikubaliana: hakuna aseniki. Daktari Kilonzo alifurahi kama mtoto. Kimashine chake kimefaulu, na kijiji kiko salama. Sote tulifurahi, jamani, nani anapenda sumu? Ripoti ikaandikwa, ikabaki sahihi zetu.

Nilirudi kijijini kuwaaga na kuwaambia habari njema. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mzee, Chemutai, ambaye kila mtu alimwita Kogo, maana yake nyanya. Mume wake alikuwa ameshafariki. Alilea wajukuu wake pale, na kisima chake kilikuwa hatua chache chini ya lilipokuwa josho. Alinipikia mahindi, tukapiga soga, jua likawaka. Kiu ikanishika. Sikutaka kumsumbua kusimama, magoti yake yalikuwa mabaya, basi nikainuka mwenyewe, nikachukua kikombe cha bati, nikakichovya kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni pa jikoni.

"Wee! Wacha hiyo!"

Nilidhani kuna nyoka. Kogo alikuja mbio, magoti au si magoti, akaninyang'anya kikombe, akamwaga maji uwanjani.

"Hiyo si ya mgeni. Hiyo ni yetu."

"Yenu vipi, Kogo?"

"Ya kisima. Ngoja nikupatie ya wageni." Akaingia ndani, akarudi na jagi lile lile safi, amelishika kwa mikono miwili. "Hii ni ya mvua. Naweka kwa chungu. Mgeni akija ndiyo natoa, hata ya chai. Ya kisima inaharibu chai, inaleta utando juu."

Nikalitambua lile jagi. "Siku ile tulikuja kupima, ulitupa ipi?"

"Si nimekwambia? Ya wageni."

"Lakini tulisema tunataka mnayokunywa ninyi!"

Kogo alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye masomo mengi na akili kidogo. "Mlikuja na gari. Mmevaa viatu. Mmenisalimia kwa heshima. Ati niwape ya ndoo? Halafu muende mseme kwa Chemutai hata maji hakuna? Hakuna mama hapa aliwapa ya kisima. Uliza."

Niliuliza. Nilienda nyumba ya pili, ya tatu, nikaendelea. Kila mahali ni kile kile: maji ya mvua, ya kutoka kwenye mabati, yaliyowekwa kwa ajili ya mgeni. Mama mmoja alikiri kwamba yake yalikuwa yameisha siku ile, akaazima kwa jirani ili tusiaibike. Kwa hivyo kile kimashine hakikukosea hata mara moja. Nairobi hawakukosea. Tulipima kwa uangalifu mkubwa maji tuliyokaribishwa nayo.

Na mimi ni mtoto wa Bungoma! Nyumbani kwetu kuna vikombe ambavyo sijawahi kunywea kwa sababu ni vya wageni. Lakini ukivaa koti jeupe unasahau kwamba umekuja na miguu, kwamba ukibisha hodi wewe ni mgeni kama wageni wengine. Hakuna kati yetu aliyeliona hilo, si mimi, si Daktari, si yule dereva aliyezaliwa kilomita chache kutoka pale.

Jambo lingine ni viganja. Kogo aliponinyang'anya kikombe niliviona karibu. Vilikuwa na vijipele vigumu, vikavu, kama punje za mahindi chini ya ngozi, na kwenye mikono madoa meupe na meusi. Nilimuuliza. Akasema ni jembe. Nilimwambia nami nimelima tangu utotoni, hebu aangalie viganja vyangu. Akaviangalia, akaficha vyake.

Kipimo cha karatasi nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nilimwomba anitekee maji ya kisima. Hakupenda, alikuwa ameshaanza kunikasirikia. Mwishowe nikatupa ndoo mwenyewe, nikavuta kamba mwenyewe. Niliweka chupa mbili juu ya kigoda uwanjani, mahali pa hewa wazi, maana gesi inayotoka humo si ya kuvuta: moja ya maji ya wageni, moja ya kisima. Nikatia unga wa kwanza, nikatia unga wa zinki, nikafunga vifuniko vyenye vile vikaratasi vyeupe. Sumu ikiwepo, inapanda kama gesi na kuichafua karatasi. Tukakaa kungoja. Wajukuu walikuwa shuleni, kuku walikuwa wakizungukazunguka miguuni, na Kogo hakuondoa macho kwenye chupa.

Nilifungua. Karatasi ya mvua ilikuwa nyeupe. Ya kisima ilikuwa na duara la hudhurungi iliyokolea.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sumu, Kogo. Ya josho."

"Nikichemsha?"

"Ukichemsha maji yanapungua, sumu inabaki. Inazidi kuwa kali."

Hapo ndipo alinigeukia. Alisimama, sauti ikapanda hadi majirani wakatoka. "Kisima hiki alichimba mzee wangu kwa mkono wake! Tulikuwa hatuna hata nyumba, tunalala kwa kibanda, yeye anachimba. Mwaka mzima! Leo wewe unakuja na chupa yako unaniambia mzee wangu aliniwekea sumu?"

"Alikuchimbia maji," nilisema. "Sumu iliwekwa na wengine. Hakujua. Angejuaje?"

Alikaa tena. Alizichukua zile karatasi mbili, akaziweka kwenye kiganja chake chenye vijipele, akazitazama.

"Kwa hivyo wageni wangu walikunywa salama," alisema.

"Ndiyo."

"Na wajukuu wangu?"

Kogo hakungoja jibu. Aliingia jikoni, akatoka na panga, akaenda kisimani, akakata kamba. Ndoo ikaanguka chini tukasikia maji. Kisha akakaa kwenye ukingo akalia, akimwita mume wake kwa jina, na mimi nikalia naye. Sijali nani anasoma hapa. Nililia.

Kisima chake kilikuwa kimefungwa, lakini majirani je? Niliteka kwenye visima vyao pia, nikapima; baadhi walitazama kwa macho yao, wakaona. Wengine walisema, na walikuwa na haki: serikali ilikuja na mashine, imesema tuko salama, tumwamini nani, mashine au huyu mama na vikaratasi? Ndiyo maana ile ripoti haikuwa karatasi ya kabatini. Ikitoka, watoto wa kijiji kile wangeendelea kunywa kwa baraka zetu.

Nilimrudia Daktari Kilonzo Kitale. Nilimwekea vikaratasi mezani, vya visima vyote nilivyoteka. Alivua miwani. Aliniamini, hilo nitalisema daima, niliona usoni kwamba ameniamini.

"Visima havikuwa kwenye mpango wa utafiti, Nasimiyu. Tulipanga kupima maji wanayokunywa."

"Tumepima maji tuliyokaribishwa."

"Tuweke tanbihi. Tuseme uchunguzi zaidi unahitajika."

"Daktari, nani Endebess anasoma tanbihi?"

Alinieleza kuhusu wafadhili, kuhusu siku ya uzinduzi ambayo mahema yake yalikuwa yameshaagizwa, kuhusu kimashine kizuri ambacho kingekufa na mradi wake ilhali kinaweza kuokoa watu kwingine. Yote ni kweli. Kimashine kilikuwa kizuri. Nilimwambia hivyo: mashine yako ni nzuri, twende nayo tena, safari hii tuteke wenyewe. Alisema muda umekwisha.

"Basi sahihi yangu hamna."

"Itabidi niwaeleze wakubwa."

"Waeleze. Na uwaambie jina langu wasiliandike hata kwa penseli."

Waliniita. Walikuwa wamekaa wote upande mmoja wa meza kama kwaya. Walisema nimezua hofu kwa umma, kwa sababu nilipotoka kwa Daktari nilipitia dukani nikanunua rangi nyekundu, nikarudi Endebess, na mimi na Kogo tukapaka vifuniko vya visima vilivyokuwa na sumu. Hatukuvamia boma la mtu. Mwenye kukubali tulipaka, mwenye kukataa tulimwachia karatasi yake aiangalie. Kogo ndiye aliyezungumza nao, mimi nilishika brashi tu. Kwa hilo nilitakiwa kuomba msamaha.

"Mnataka niombe msamaha kwa rangi?" niliuliza. "Mbona hakuna anayeuliza habari ya maji?"

"Mama, wewe sema samahani tu haya yaishe," alisema mmoja wao, karibu kwa kubembeleza.

"Samahani sina. Ningekuwa nayo ningempelekea yule nyanya."

Walitafuta mwingine wa kutia sahihi, wakampata, wapo siku zote. Ripoti ikatoka, mahema yakasimamishwa, watu wakapiga makofi. Walipoenda kupiga picha kijijini, Kogo aliwangoja kwenye lango na lile panga, si kwa ubaya, alikuwa anakata nyasi, alisema. Aliwaambia waandike walichoandika, lakini kisima cha mzee wake hakitakuwa picha ya uongo. Wakapiga picha kwingine. Mimi nikapewa uhamisho wa adhabu: Bungoma. Kunirudisha kwetu, karibu na mama yangu, eti wananikomesha! Nilifungasha nikiimba.

Ila siwezi kujifanya haikuniuma. Iliuma. Kuna wenzangu waliokatiza barabara wasisalimiane nami, na kuna usiku nilijiuliza kama nimewatisha watu bure. Maji ya visima vile, niliyoyapeleka Nairobi kwa mkono wangu, ndiyo yaliyoniokoa na mashaka hayo. Majibu yalikuja yakilingana na vikaratasi, kisima kwa kisima. Nilimpelekea afisa wa afya wa kule, akayaweka chini ya mafaili. Nikampelekea tena. Nikawa nampigia simu kila wiki kumjulia hali, kwa upole, hadi akachoka na upole wangu. Mwishowe timu nyingine ilienda, ikateka yenyewe, ikapata hudhurungi. Hakuna aliyenipigia kusema ulikuwa sawa. Kina mama wa kanisa la Kogo walikuwa wameshachangishana mabati na matangi, nyumba baada ya nyumba, hawakungoja mtu.

Huku Bungoma nilikuta maabara imehamia jengo jipya na Mzee Barasa amekwisha kustaafu. Nilimtembelea, nikamsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hizo chupa mbili za kwa yule mama, uliziosha na nini?" Nikamwambia. Akaridhika, akaniambia nile ndizi.

Nimevijaribu vipimo vingi tangu siku hizo, na ninyi vijana mtajaribu vingi zaidi, vya kusoma na simu, vya kutuma majibu vyenyewe mawinguni. Vipendeni, mimi navipenda. Lakini mkifika kwa mtu, ombeni kwanza kuona wanapoosha vyombo, wanapochota maji ya mboga, ndoo ya mlangoni ambayo mtoto anachovya kikombe akitoka kucheza. Ukiletewa jagi safi na kitambaa juu yake, sema asante, kunywa, na usilipime. Na ukiambiwa utie sahihi juu ya lile jagi, kataa. Watakupeleka mbali ama watakupeleka kwenu. Utaishi.

Wiki mbili baada ya kuniaga nilipanda hadi Endebess. Nilitaka kumwona Kogo nikiwa sina koti wala mkoba wa kazi. Amezeeka sana, anatembea kwa fimbo. Vile vijipele vya viganjani vimepungua lakini havikuisha, daktari amemwambia vingine vitabaki. Wajukuu wamekuwa watu wazima, mmoja ameoa. Kisima kimefunikwa kwa zege, na juu ya zege rangi yetu nyekundu imepauka, nao wamepanda maua kuzunguka, kwa sababu bado ni kazi ya mzee wake.

Tulipokwisha kukaa, yule mke wa mjukuu aliingia ndani kutafuta jagi. Kogo akamwita arudi. Akachukua kikombe cha bati kutoka kwenye meza, akanipa mkononi. Kilikuwa kitupu.

"Tangi iko nyuma ya nyumba," alisema. "Enda uteke mwenyewe."

Yule msichana alishika mdomo kwa aibu. "Kogo! Mgeni?"

"Hata mgeni. Hapa kwangu kila mtu anateka, anaona maji inatoka wapi. Mchungaji alikuja, akateka. Chifu alikuja, akateka." Akanitazama kwa jicho la ukali, huku anacheka. "Hakuna maji ya wageni tena kwa hii boma. Tunakunywa moja."

Nilienda nyuma ya nyumba, nikafungua koki, nikasuuza kikombe, nikateka. Niliporudi Kogo alikuwa amenyoosha kikombe chake, nikammiminia nusu.